Aliyepiga Picha Ameona Nini?

Kaskazini mwa Birmingham, katika mtaa wa Kingstanding, kipo kichuguu cha udongo kilichoota nyasi ambacho mtu anaweza kukipita kila siku akienda kazini asikitupie hata jicho. Wenyeji husimulia kwamba Oktoba 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vikianza kupamba moto, Mfalme Charles wa Kwanza alisimama juu yake kukagua askari wake. Ndiyo maana ya jina lenyewe: mahali aliposimama mfalme. Wako wanaobisha. Wanasema jina limetokana na wawindaji wa zamani zaidi, waliokuwa na mahali maalumu pa kusimama wakisubiri kulungu wafukuzwe hadi mbele ya mishale yao, na kwamba kichuguu chenyewe huenda ni kaburi la watu wa Zama za Shaba.

Aliyemwona mfalme kwa macho yake hayupo. Hata hivyo maelfu ya nyumba za halmashauri zilizojengwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 zina anwani inayoegemea ushahidi huo, na barua zinafika.

Nyumba hizo zilijengwa zikiwa na ua nyuma, na ua ndio mtaji wa kwanza wa mpiga picha wa anga. Tumchore mmoja. Ni mtu wa kubuni, ila kila atakachokifanya humu ndicho wanachokifanya wapenda falaki wa uani kote Uingereza. Tuseme ni mzaliwa wa Mombasa, Kibokoni, dereva wa basi aliyezoea zamu za jioni, mwenye binti wa miaka kumi asiyetaka kulala mapema. Huko kwao wangemwita mnajimu, naye angekataa haraka: mnajimu hupiga ramli, mwanafalaki hupima. Tofauti hiyo maulamaa wa pwani wameilinda kwa karne nyingi, maana elimu ya falaki ndiyo iliyowapa nyakati za sala na mwelekeo wa msikiti, na unajimu ndio uliowapa kazi ya kukemea.

Usiku ukitulia, jambo la kwanza ni kuuelekeza mguu wa darubini kwenye nyota ya Kaskazini. Mguu huo una mota inayoizungusha darubini polepole, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, ili ifuatane na anga. Usipolengwa sawasawa, nyota hutoka pichani zikiwa vistari badala ya nukta. Kwa hiyo dereva anapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, anafumba jicho moja, anakaza skrubu hii na kulegeza ile mpaka nyota ikae mahali pake.

Kwa mtu wa Mombasa kuna jambo hapo. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, ya kwanza nyuzi 39.7 Mashariki na ya pili nyuzi 39.8, kwa hiyo Mombasa huswali kuelekea kaskazini moja kwa moja. Ndiyo sababu wazee wa pwani waliuita upande wa kaskazini kibla. Lakini Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta, na kutoka huko nyota ya Kaskazini haionekani kamwe. Imezama chini ya upeo wa macho. Mtu huyu alikulia kuelekea, mara tano kwa siku, upande wa nyota ambayo hakupata kuiona. Kingstanding ameikuta iko juu, nyuzi 52, na kibla imehamia kusini-mashariki, upande wa dirisha la jikoni.

Anga lenyewe halina ukarimu. Birmingham ina watu zaidi ya milioni 1.1, na taa zao zimeupaka usiku rangi ya chai ya maziwa. Njia Nyeupe haionekani. Kilimia, ambacho mkulima wa Pemba angekitambua kwa kutupa jicho tu, hapa hutafutwa kwa kidole.

Lawama za hali hiyo zina historia karibu na nyumbani. Si mbali kutoka Kingstanding, mtaa wa Handsworth, ipo nyumba ya Soho aliyokaa Matthew Boulton, mwenye viwanda wa karne ya 18. Yeye na rafiki zake, akiwamo James Watt wa injini ya mvuke na tabibu Erasmus Darwin, walikuwa na chama walichokiita cha Mwezi, kwa kuwa walikutana karibu na usiku wa mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Na ni kwenye kiwanda cha Boulton na Watt ambako mwaka 1802 fundi wao William Murdoch aliwasha taa za gesi mbele ya umati wa watu kusherehekea amani ya Amiens. Wanachama wa Mwezi ndio waliomletea mwezi mke mwenza.

Mwenzao mwingine alikuwa mhubiri. Joseph Priestley, mwaka 1774, alitumia lenzi kubwa kukusanya miale ya jua juu ya unga mwekundu wa zebaki, akapata hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa kishindo. Leo hewa hiyo tunaiita oksijeni. Mwaka 1780 alihamia Birmingham kuhudumia kanisa. Julai 1791, wafanya fujo waliochukia imani yake isiyokubali Utatu, na huruma yake kwa Mapinduzi ya Ufaransa, waliichoma nyumba yake pamoja na maabara. Priestley aliamini kwamba kuchunguza maumbile ni sehemu ya ibada. Angefurahi kujua mahali ambapo oksijeni yake imeonekana tangu hapo.

Windo la dereva wetu ni nebula ambayo Waingereza huiita Veil, yaani utaji. Ni mabaki ya nyota iliyolipuka kati ya miaka 10,000 na 20,000 iliyopita katika kundinyota la Dajaja, lijulikanalo kimataifa kama Cygnus, umbali wa miaka-nuru kama 2,400. William Herschel, mpiga kinanda aliyegeuka mtazama nyota, aliiona tarehe 5 Septemba 1784. Utaji huo umetanda nyuzi tatu za anga, sawa na miezi mipevu sita ikipangwa safu moja. Jicho tupu haliuoni. Nyuzi zake za gesi hung'aa kwa rangi chache mahususi, na hapo ndipo taa za Birmingham zinapokwepwa: kichujio kimoja mbele ya kamera hupitisha nuru ya oksijeni tu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 500.7, na kuzuia karibu kila kitu kingine. Kichujio cha pili ni cha haidrojeni, nanomita 656.3. Cha tatu ni cha salfa, karibu nanomita 672.

Mstari ule wa oksijeni una kisa chake. William Huggins, mtazama nyota wa London aliyejigharimia mwenyewe, aliuona mwaka 1864 alipoelekeza spektroskopu kwenye nebula. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani. Wanasayansi wakasema basi ni elementi mpya, wakaipa jina: nebulium. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wenye akili timamu walisadiki kitu ambacho hakikuwapo, mpaka Ira Bowen alipoonyesha, mwaka 1927, kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, ikiwa katika hali nyembamba kuliko ombwe lolote ambalo maabara za siku zile ziliweza kulitengeneza. Mstari ulikuwa wa kweli tangu mwanzo. Jina ndilo lililokuwa la uongo. Inafaa kukumbuka hilo kila mtu anaposema kwamba sayansi huona na dini huamini.

Sasa kazi yenyewe. Kamera ya dereva huona chini ya nyuzi moja kwa wakati, na utaji una nyuzi tatu. Lazima aupige kipande kwa kipande. Tuseme vipande 12, safu nne za tatu tatu. Kila kipande anataka saa mbili kwa kila kichujio, jumla saa sita, kwa picha za dakika tano tano. Hizo ni saa 72 na picha 864, katika mji ambao wiki mbili za mawingu mfululizo hazimshangazi mtu. Picha moja ikitoka kwenye kamera ni kijivu kitupu, nukta nukta za nyota, mara nyingine mstari mweupe wa satelaiti uliokatiza kama mkwaruzo wa ukucha. Nebula ni kivuli tu, kitu ambacho ukikikodolea macho kinatoweka. Zikilundikwa picha 24 za eneo lile lile moja juu ya nyingine, chengachenga hufutana, na kilichokuwapo kweli kwenye picha zote hubaki.

Kisha huja ushonaji. Anayejua ususi wa mkeka ataelewa bila kueleza sana. Mkeka haufumwi mzima. Husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha kingo zake huletwa pamoja zikashonwa. Mkeka mzuri haujulikani kwa rangi bali kwa mshono: ukipitisha kiganja usiusikie. Picha ya vipande ni hivyo hivyo. Kila kipande hupigwa kikipanda juu ya jirani yake kwa sehemu ya kumi au zaidi, ili nyota zile zile zionekane kwenye kingo zote mbili. Programu huzitafuta nyota hizo pacha, hunyoosha kipande, husawazisha mwangaza, kisha hushona.

Bingwa wa ususi huu ni Mfini, J-P Metsavainio. Mwaka 2021 alitoa picha ya Njia Nyeupe aliyoianza 2009: vipande 234, saa zipatazo 1,250 za kukusanya nuru, pikseli bilioni 1.7. Miaka 12 ya usiku wa Finland, na kule usiku wa kiangazi haupo kabisa.

Binti wa dereva hana habari na Metsavainio. Anasimama nyuma ya kiti cha baba yake, akitazama vipande vinne vya kwanza vilivyoungwa: nyuzi za buluu zikisokotana na za dhahabu.

"Baba, ndivyo ilivyo kweli?"

"Ndivyo, mwanangu."

"Ina rangi hizo?"

Hapo baba mtu hana budi kukohoa.

Maana rangi zile ni makubaliano. Kwa desturi iliyoenezwa na darubini ya Hubble, salfa hupewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ndiyo mpango uliotumika kwa picha maarufu ya Nguzo za Uumbaji ya mwaka 1995, nayo pia iliungwa kwa picha 32. Kwa asili, nuru ya salfa na ya haidrojeni zote ni nyekundu iliyokolea, karibu hazitofautiani. Oksijeni ndiyo yenye kijani-buluu. Mpiga picha amezitenganisha rangi mbili ambazo jicho lingezichanganya, ili gesi mbili tofauti zionekane mbili.

Wengi hujitetea hapo kwa kusema: basi laiti tungefika karibu, tungeona rangi halisi. Tusingeona. Kitu kilichotanda kama nebula hakizidi kung'aa kwa kukikaribia. Kinakuwa kikubwa zaidi machoni, lakini kila sehemu yake inabaki hafifu vile vile. Msafiri ambaye angefikishwa kwenye ukingo wa Utaji angeona weusi, pengine na ukungu wa kijivu, kwa sababu katika giza jicho la binadamu halisomi rangi. Hakuna mahali popote katika ulimwengu ambapo mtu angesimama akaiona picha ile.

Basi uzuri huo ni wa nani? Wacha Mungu wa dini zote za Kitabu wamekuwa wakizitazama mbingu na kumsifu Muumba, na walifanya hivyo kwa nyota elfu chache zinazoonekana kwa macho. Utaji ulikuwa juu ya vichwa vyao muda wote huo, haujulikani na mtu. Mwenye imani anaweza kusema kwamba Mungu aliuona, inatosha. Asiye na imani anaweza kusema kwamba uzuri ulianza kamera ilipofunguliwa, na kabla ya hapo palikuwa na gesi tu. Jibu la kwanza lina utulivu ambao la pili halina, lakini yote mawili yanaruka hatua moja: kazi. Katika Kiarabu, aya ya Kitabu na ishara ya maumbile ni neno moja, na aya husomwa kwa kuunganishwa herufi na herufi. Chuo Kikuu cha Birmingham, safari fupi ya gari kutoka Kingstanding, kinatunza kurasa za ngozi za Kurani ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimejalidiwa pamoja na kurasa nyingine zisizo zake. Mtafiti Alba Fedeli ndiye aliyetambua kwamba hazifanani na zile nyingine, na mwaka 2015 chuo kilitangaza kwamba vipimo vinaiweka ngozi hiyo kati ya mwaka 568 na 645. Kurasa nyingine zinazodhaniwa kuwa za msahafu huo huo ziko Paris. Anayetaka kuusoma mfululizo lazima aunge Birmingham na Paris, bahari ikiwa katikati ya sentensi.

Swali la binti si geni kwa Waswahili. Huulizwa kila mwisho wa Shaabani. Kutoka Lamu hadi Kilwa watu hutoka jioni kuutazama mwezi mwandamo, simu hupigwa, Kadhi Mkuu husubiriwa Kenya na Mufti husubiriwa Tanzania, na kesho yake nyumba moja imefunga na ya jirani inakula. Birmingham, ambako katika sensa ya 2021 Waislamu walikuwa karibu asilimia 30, ubishi ni ule ule, ila mawingu ni mengi zaidi. Kiini chake ni neno moja: kuona. Mafundisho yanataka mwezi uonekane. Je, kwa darubini ni kuona? Kwa kamera je?

Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault alilifikisha swali hilo mwisho wa barabara. Mchana wa jua kali, karibu na Paris, aliupiga picha mwezi katika dakika ile ile ambayo hesabu huiita ya kuzaliwa kwake, ukiwa nyuzi 4.4 tu kutoka kwenye jua. Mwanafalaki André Danjon alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1930 kwamba chini ya nyuzi kama saba hilali haionekani. Legault alitumia kinga ya kuzuia jua, nuru ya infraredi, na ulundikaji wa picha nyingi, ufundi ule ule wa dereva wetu. Hilali ikatoka, nyembamba kama unywele. Na mwezi huo, kwa bahati, ndio uliokuwa wa Ramadhani ya mwaka 1434 Hijria.

Ikiwa ile ni kuona, basi hakuna mwezi usioonekana, na neno lenyewe limekwisha kazi. Tubaki na hesabu. Wanaoshikilia jicho tupu huchekwa kwamba wako nyuma ya wakati. Makala haya hayawacheki. Wanacholinda si ujinga wa lenzi bali aina fulani ya shahidi: mtu mwenye jina, aliyesimama mahali panapojulikana, wenzake wakiwa pembeni, anayeweza kuulizwa ulikuwa umeelekea wapi na pembe zilitazama juu au chini. Kamera haiulizwi hivyo. Mahali wanapokosea, wakikosea, ni kudhani kwamba kisichokuwa kuona ni uongo.

Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika kitabu chake kikuu cha nuru mwanzoni mwa karne ya 11, alikuwa ametusogeza mbele. Alikataa dhana kwamba jicho hutoa miale. Nuru ndiyo inayoingia. Kisha akaongeza jambo ambalo husahauliwa: mengi tunayoyaita kuona ni hukumu ya akili, inayolinganisha kilichoingia na ilichokwisha kukijua, kwa haraka mno hata mwenyewe hujui kwamba umehukumu. Kwa maneno mengine, hata jicho lina programu yake ya kulundika na kushona.

Picha ya nebula, basi, si tukio la kuona. Ni ushahidi. Na ushahidi una elimu yake ya kupimwa, ambayo ulimwengu wa Kiislamu uliifanyia kazi kubwa kuliko wengi. Wakusanyaji wa hadithi wa karne ya tisa hawakuridhika na uzuri wa maneno. Waliuliza isnadi: nani kamsikia nani? Walikutana? Waliishi zama moja, mji mmoja? Mnyororo uliokatika pete moja ulishushwa daraja hata kama maneno yake ni matamu. Kipande cha picha nacho ni msimulizi. Hushuhudia eneo lake tu, na hukutana na jirani yake kwenye ukingo, sehemu ya kumi ya upana, mahali ambapo wote wawili wanadai kuziona nyota zile zile. Uaminifu wa picha nzima umekaa kwenye mishono, si katikati ambako macho ya mtazamaji huenda kwanza.

Picha iliyotiwa ujanja haina isnadi. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa simu alichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu yake kutoka mbali gizani. Simu ikamletea mwezi wenye mabonde na vilima. Ilikuwa imefundishwa mwezi unavyofanana, ikauchora. Zipo pia programu za akili bandia za kusafisha picha za anga, na nyingine zinaweza kusokota nyuzi za gesi pasipo na gesi. Mtu mwaminifu anazitumia kwa mkono mwepesi, kisha anarudi kwenye picha ghafi kuuliza: hiki kilikuwapo?

Mfano mzuri wa swali hilo unatoka jirani na sisi, kwenye galaksi ya Andromeda. Abd al-Rahman al-Sufi aliitaja mwaka 964 katika kitabu chake cha nyota, kama wingu dogo. Tangu picha za nyota zianze, hakuna galaksi iliyopigwa picha na wapenda falaki kuliko hiyo. Halafu mwaka 2022 watu watatu wasioajiriwa na chuo chochote kwa kazi hiyo, Wafaransa Xavier Strottner na Yann Sainty na Mjerumani Marcel Drechsler, wakakuta upinde mkubwa wa oksijeni pembeni yake ambao hakuna aliyekuwa ameuripoti. Jambo la kwanza walilofanya ni kuutilia shaka. Unaweza kuwa mng'ao ndani ya lenzi. Wakatafuta wenzao wenye darubini nyingine, mahali pengine, kamera nyingine, nao wakauona. Ndipo mwanzoni mwa 2023 wakauchapisha, wakishirikiana na wanasayansi wa vyuo. Picha yao, ya saa zaidi ya 111, ilipata tuzo kuu ya upigaji picha za anga ya Greenwich mwaka huo. Wenye elimu ya hadithi wanalo neno kwa habari iliyopokewa kwa njia nyingi zisizoweza kula njama: mutawatiri.

Tomaso wa Injili alitaka kugusa majeraha ya Yesu ndipo asadiki kwamba amefufuka, na wahubiri wamemsema vibaya kwa miaka elfu mbili. Kwa vigezo vya chumba cha giza cha mpiga picha, alichokosea ni kidogo. Wenzake kumi walikuwa wamekwisha kushuhudia, walikuwa pamoja, na aliwafahamu wote.

Baada ya katikati ya Mei kazi ya uani husimama yenyewe. Kwa latitudo ya Birmingham, kuanzia karibu tarehe 18 Mei hadi karibu 25 Julai, jua halizami nyuzi 18 chini ya upeo hata usiku wa manane, na giza kamili halifiki. Utaji uko juu kabisa, na anga ni ya kijivu-buluu. Ni shafaki hiyo hiyo inayoisumbua misikiti ya mji: Isha huingia mwangaza wa machweo ukitoweka, na kwa karibu wiki kumi hautoweki. Misikiti mingine hukadiria kwa siku ya mwisho iliyokuwa na giza, mingine huugawa usiku mafungu saba. Ratiba ukutani zinapishana kwa saa nzima. Dereva anayo ya msikiti wake kwenye mlango wa friji, na chini yake amebandika jedwali la giza la darubini. Zote mbili zina pengo miezi ile ile.

Septemba anarudi uani. Vipande 11 vimekamilika, na cha 12 kinakamilika usiku wa Jumanne mbao za uzio zikiwa zimelowa umande. Jumamosi anavishona vyote. Kompyuta inahema dakika 40. Picha ikitokea, anamwita binti, naye anaitazama katikati kama kila mtu, kisha, kwa kuwa ni mtoto na hana haraka, anaanza kuikuza na kuisogeza hadi pembeni.

"Baba. Hii nyota mbona ziko mbili?"

Anavaa miwani. Ni kweli. Pale kipande cha saba kinapokutana na cha nane, nyota moja ndogo ya rangi ya chungwa imeandikwa mara mbili, zimeachana kwa upana wa pikseli nne, na uzi wa gesi unaopita hapo umevunjika kidogo kama mfupa uliounga vibaya. Mguu wa darubini lazima ulisogea usiku mmoja wa upepo. Picha nzima, kwa mbali, ni nzuri mno. Ingeweza kutundikwa sebuleni na asijue mtu.

"Ipi ndiyo ya kweli?" binti anauliza.

"Sijui bado," anasema, na anafungua upya kipande cha saba.